Sanduku la Barua la Bure, na Ufunguo Wake



Hapo zamani mtu wa Salale au wa Mbuchi aliyekuwa na mwanawe Dar es Salaam hakuwa na sanduku lake la posta. Barua yake ilipitia sanduku la shule, au la mwenye duka, au la ofisi fulani, ndipo imfikie kwa mkono wa msafiri wa mashua. Alikuwa radhi kwa hayo, maana hapakuwa na njia nyingine. Lakini alijua pia ya kuwa khabari zake zapita mikononi mwa watu, na ya kuwa mwenye sanduku akihama, anwani yake yahama naye.

Leo mambo yamegeuka. Kijana wa kisiwa cho chote cha delta aweza kuwa na sanduku lake mwenyewe bila ya kulipa ada hata senti moja, na ufunguo wake akauhifadhi kichwani. Hilo ndilo sanduku la barua pepe, ambalo vijana wetu huliita imeli. Lakini la ajabu ni kwamba wengi wetu, tuliokwisha kupewa nafasi ya kuwa na sanduku letu, tumerudi kule kule kwenye sanduku la mwenye duka. Kwa hiyo nimeona yafaa tuzungumze juu ya mambo mawili. La kwanza, katika masanduku haya ya bure, kila moja lina faida gani na lina upungufu gani. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ufunguo wa sanduku akae nao nani.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Mzee mmoja aweza kusema: "Mimi ni mkulima wa mpunga na korosho, barua pepe ya nini?" Swali lake si baya, na jawabu lake limo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwanawe akimaliza kidato cha nne au cha sita, akataka kuomba nafasi ya chuo, ataulizwa anwani ya barua pepe. Akiomba mkopo wa masomo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, maombi ni ya mtandaoni. Akitaka kazi ya serikali, hana budi kujiandikisha katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na huko pia anwani hiyo hutakiwa. Hata mfanya biashara anayetaka kusajili jina la biashara yake BRELA hupita njia hiyo hiyo ya mtandao.

Basi anwani ile si pambo la vijana. Ni mlango ambao khabari za masomo, za mkopo na za kazi huja kubisha hodi. Mtu wa mjini akipoteza anwani yake, huenda akafunga safari ya nusu saa na kulitengeneza jambo. Lakini mtu wa visiwa vya delta hungoja maji yajae, apande boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Bungu, na kutoka hapo hadi Kibiti. Nauli imetoka, siku imepotea, na tarehe ya mwisho ya maombi haimngoji mtu. Kwa hivyo sisi ndio wenye haja zaidi ya kulijua jambo hili kabla halijaharibika.

ASILI YA BARUA HII

Barua ya kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilianza mwaka 1971, pale Mmarekani aitwaye Ray Tomlinson alipopeleka barua ya kwanza ya namna hii katika mtandao wa ARPANET. Ni yeye aliyeichagua ile alama ya @ ili itenge jina la mtu na jina la mahali sanduku lake lilipo. Lakini kwa muda wa miaka mingi sanduku hilo lilikuwa la watu wa vyuo vikuu na maofisi, au la yule anayelipa kampuni ya intaneti. Mtu akiacha kazi au akihama kampuni, sanduku hupotea.

Mageuzi yalikuja tarehe 4 Julai 1996, wakati Sabeer Bhatia, mzaliwa wa Bara Hindi, na mwenzake Jack Smith, walipofungua Hotmail huko Marekani. Sanduku lao lilikuwa la bure, na mtu aliweza kulifungua kwa kompyuta yo yote duniani. Mwishoni mwa mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ililinunua, na kati ya mwaka 2012 na 2013 likageuzwa jina likawa Outlook. Hata hivyo wenye anwani za zamani za Hotmail bado wanazitumia. Yahoo nayo ilifungua sanduku lake mwezi wa Oktoba 1997. Google ilikuja nyuma na Gmail tarehe 1 Aprili 2004, ikatoa nafasi ya gigabaiti 1 wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 tu. Kwa vile ilikuwa siku ya wajinga, watu wengi walidhani ni mzaha. Na mwaka 2014 wataalamu waliokutana katika maabara ya CERN, Geneva, walianzisha Proton Mail, kwa nia ya kuzifunga barua zisisomwe hata na mwenye ghala.

Nimesema ghala, na neno hili yafaa tulifahamu vizuri. Barua za sanduku la namna hii hazikai ndani ya simu yako. Zimo katika mitambo ya kampuni, mbali sana na hapa. Simu ni dirisha tu la kuzitazamia. Ndiyo maana simu ikitumbukia mtoni au ikiibwa sokoni Ikwiriri, barua hazizami wala haziibiwi pamoja nayo. Utachukua simu nyingine, utataja jina lako na neno lako la siri, na utazikuta zote zimekaa kama ulivyoziacha. Lakini ukiusahau ufunguo, au akiwa nao mtu mwingine, hata simu ya thamani kubwa haitakufaa kitu.

NI NANI AMLIPAYE MWENYE GHALA?

Hapana mfanya biashara ajengaye ghala, akaweka walinzi na taa, akawakaribisha watu mamilioni waweke mizigo yao, kisha asitake kitu. Wahenga walisema rahisi ghali. Gharama ya masanduku haya hailipwi kwa shilingi, bali hulipwa kwa njia nyingine.

Gmail, Yahoo na Outlook hupata kwa matangazo ya biashara yanayotokea ubavuni au juu ya barua zako. Ili matangazo yampate mteja, kampuni hutaka kumjua mtu: yuko wapi, atazama nini, anunua nini. Kwa muda mrefu mitambo ya Google ilikuwa ikiyapitia maneno ya barua za watu ili kuchagua matangazo ya kuwaonyesha. Mwaka 2017 ilitangaza kuwa itaacha kufanya hivyo kwa ajili ya matangazo. Lakini matangazo yenyewe bado yapo, na hufuata mambo mengine ambayo kampuni inayajua juu yako. Proton haina matangazo. Yenyewe hutegemea wale wateja wanaolipa kwa ajili ya nafasi kubwa zaidi, na hao ndio wanaobeba gharama ya wale wa bure.

Sisemi haya ili mtu aogope akakimbia. Nasema ili ajue ya kuwa hapa pana bei, na mwenye kujua bei huchagua kwa akili.

MASANDUKU MANNE MBELE YETU

Ama Gmail, nafasi yake ni gigabaiti 15. Kwa barua tupu hiyo ni nafasi ya miaka na miaka. Lakini hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Nafasi hiyo si ya barua peke yake. Hutumika pia kwa mafaili na kwa picha unazozihifadhi kwa Google. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha na kila video mpya inayopelekwa huko huhesabiwa. Basi kijana hupiga picha za arusi na video za mpira, simu ikazipeleka ghalani yenyewe bila ya yeye kutambua, mpaka ghala likajaa. Likijaa, barua mpya hazipokewi, hurudishwa kwa aliyezipeleka. Barua ya kumwita mtu kwenye usaili yaweza kurudi ilikotoka kwa sababu ya video za arusi. Faida ya Gmail ni kwamba simu nyingi tulizo nazo ni za Android, na simu hizo hutaka akaunti ya Google ili kupata programu. Kwa hiyo ufunguo mmoja wafungua mambo mengi. Na hiyo hiyo ndiyo khatari yake: ufunguo huo ukipotea, mengi hupotea pamoja.

Ama Yahoo, ndilo sanduku lililozoewa na watu waliotangulia, wale waliojifunza intaneti katika vibanda vya mijini. Mwaka 2013 Yahoo ilitoa nafasi ya terabaiti 1, kubwa kuliko zote. Mwaka 2025 ikaipunguza hadi gigabaiti 20. Bado ni nafasi ya kutosha, lakini twapata fundisho ya kuwa kilichotolewa bure chaweza kupunguzwa bila ya wewe kuulizwa. Kuna jambo jingine. Mwaka 2013 wezi wa mtandaoni waliingia katika mitambo ya Yahoo, na mwaka 2017 kampuni ikakiri ya kuwa akaunti zote zilizokuwapo wakati ule, kiasi cha bilioni 3, ziliguswa. Mwenye sanduku la Yahoo la zamani ambaye hakubadili neno lake la siri tangu siku hizo, na alibadili leo.

Ama Outlook, hutoa gigabaiti 15 za barua, na mafaili yana nafasi yao mbali ya gigabaiti 5. Linamfaa khasa mtu anayetumia sana programu za Microsoft, kama vile mwalimu au karani anayeandika kwa Word. Lina matangazo kama wenzake wawili.

Ama Proton Mail, nafasi yake ya bure ni ndogo, gigabaiti 1, na mtu haruhusiwi kupeleka barua zaidi ya 150 kwa siku, idadi ambayo mtu wa kawaida haifikii. Ubora wake ni siri. Barua ya Proton kwenda Proton hufungwa tangu kwa mwandishi hata kwa msomaji, asiweze kuisoma hata kampuni yenyewe. Lakini tusidanganyike: ukimwandikia mtu wa Gmail, nakala yake itakaa katika ghala la Gmail kama barua nyingine, ila ukiifunga kwa neno la siri la peke yake. Na ukali wake ni huu: ukilisahau neno lako la siri, nawe hukuandaa njia ya kujiokoa, hata ukifunguliwa tena sanduku, barua za zamani hutaweza kuzisoma. Kufuli lisilofunguliwa na mwizi halifunguliwi pia na mwenyewe aliyepoteza ufunguo.

Jambo moja zaidi lawatafautisha, nalo ni muda wa kuachwa. Sanduku lisiloingiwa huhesabiwa kuwa halina mwenyewe. Google hungoja miaka 2, na tangu Desemba 2023 imeanza kuzifuta akaunti zilizoachwa. Microsoft nayo hutaka mtu aingie walau mara moja katika miaka 2. Yahoo na Proton hungoja miezi 12 tu. Kijana aliyefungua sanduku la Yahoo ili aombe chuo, kisha akaenda kuvua kamba mwaka mzima na zaidi asiliangalie, aweza kurudi akakuta barua zote zimefutwa.

BASI LIPI?

Nikiulizwa na mzazi wa Kibiti mwenye kijana na simu moja ya Android, nitamwambia: na afungue Gmail, kwa sababu simu ile itamtaka akaunti hiyo vyo vyote iwavyo, na ni kheri kutunza ufunguo mmoja vizuri kuliko kupoteza miwili. Kisha na afungue la pili, la Outlook au la Proton, liwe sanduku la akiba ambalo la kwanza likimtupa, la pili litamwokoa. Mwenye mambo ya siri, kama khabari za ugonjwa wake au mashauri ya nyumba yake, na aangalie Proton. Na mwenye Yahoo la zamani asilitupe; alitunze, aliingie mara kwa mara, mpaka awe amewaarifu wote wanaolijua.

Lakini, ndugu zangu, tafauti ya masanduku haya manne ni ndogo ikilinganishwa na jambo nitakalolitaja sasa. Sanduku duni lenye ufunguo mkononi mwako ni bora kuliko sanduku bora lenye ufunguo kwa mwingine.

UFUNGUO AKAE NAO NANI?

Ingia katika duka lo lote la steshenari, siku za maombi ya vyuo. Mazungumzo huwa kama haya:

"Shikamoo, kaka. Nataka kuomba chuo."

"Marahaba. Una imeli?"

"Sina."

"Basi nitakufungulia, kaa hapo."

Dakika tano baadaye sanduku liko tayari. Jina kalichagua mwenye duka. Neno la siri kaliweka mwenye duka, na mara nyingi ni lile lile analowawekea wateja wake wote, ili asilisahau. Namba ya simu iliyoandikwa ya kuthibitisha ni ya mwenye duka, kwa kuwa kijana hana simu au simu yake haina chaji. Kijana hulipa, hupewa karatasi yenye anwani, huondoka akifurahi, na hajui ya kuwa amepewa anwani lakini hakupewa sanduku.

Miezi miwili ikipita, khabari za chuo hutumwa. Kijana hutafuta kuingia, na mtambo humwambia: tumepeleka tarakimu za siri kwa namba inayoishia na kadha wa kadha. Namba ile si yake. Mwenye duka pengine amehamia Ikwiriri au Mbagala, pengine amebadili laini. Laini ikikaa muda mrefu bila ya kutumiwa hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Hapo mlango umefungika. Hapana ofisi ya Gmail Kibiti ambapo baba aweza kwenda kuuliza, na kampuni kubwa haiwezi kumjua kuwa ni yeye ila kwa ufunguo ule ule aliokosa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huku ndiko kumtegemea nduguye kulikotufikisha.

Sitaki kuwalaumu wenye maduka. Wengi wao ni waaminifu, na lau si wao vijana wetu wangapi wasingeomba cho chote. Lakini uaminifu haumzuii mtu kusahau, wala kuhama, wala kufa. Na asiye mwaminifu, akiwa na ufunguo, aweza kusoma barua za binti wa watu, kuona vyeti vyake na namba zake, au kuomba kitu kwa jina lake. Barua ya mtu ni amana na ni sitara yake. Tumefunzwa kutoingia nyumba ya mtu mpaka tubishe hodi na kuruhusiwa. Na barua yake haina heshima pungufu kuliko ua wake. Hata sheria ya nchi yatambua hivyo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuingia katika mfumo wa mtu bila ya idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya khabari za watu azitunze.

Basi mwenye duka mwema na afanye hivi: ampe kijana kiti, amwelekeze, na neno la siri aandike kijana mwenyewe kwa mkono wake. Hilo halimpunguzii mapato, na lampunguzia lawama.

MAMBO SABA YA KUSHIKA

La kwanza, namba ya simu ya kuthibitisha iwe ya kijana mwenyewe, na kama hana, basi ya baba au ya mama, anayeishi naye nyumba moja. Isiwe ya duka wala ya rafiki.

La pili, jina la anwani lifanane na jina lililo katika vyeti. Majina ya utani huchekesha shuleni, lakini hayapendezi machoni mwa mwenye kutoa kazi.

La tatu, neno la siri liwe refu, la maneno manne au matano yasiyohusiana, wala lisiwe jina la mtu na mwaka wake wa kuzaliwa. Liandikwe katika daftari, na daftari likae nyumbani pamoja na vyeti. Mali bila daftari hupotea bila khabari. Wako wanaosema ati neno la siri lisiandikwe kamwe. Lakini kwa nyumba zetu, mwizi aliyeko mbali hawezi kulisoma daftari lililo ndani ya sanduku la bibi, na kusahau kumewapotezea watu wengi masanduku yao.

La nne, ongeza komeo la pili, yaani ile hatua ya kutaka tarakimu za siri baada ya neno la siri. Kwa kuwa simu zetu hupotea na mtandao hukatika, Gmail hutoa tarakimu za akiba, mafungu 10, ambazo mtu aweza kuzichapa au kuziandika. Ziweke pamoja na daftari lile. Tarakimu hizo hazihitaji laini wala mnara wa simu ili zikufikie.

La tano, ukitumia kompyuta ya duka, usikubali inapokuuliza kama ikuhifadhie neno la siri, na ukimaliza, toka kabisa katika sanduku lako. Si kufunga dirisha tu. Wako waliofunga dirisha wakaenda zao, na mteja aliyefuata akakuta sanduku liko wazi.

La sita, ingia katika sanduku lako kila mwezi unapoandama. Haihitaji bando kubwa. Dakika mbili zatosha. Utakuwa umelihuisha lisifutwe, na hutapitwa na khabari.

La saba, usimpe mtu ye yote tarakimu zile za siri zinazokuja kwa simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni. Na barua inayokuahidi kazi, kisha ikakutaka fedha kwanza, itilie shaka. Tazama mwisho wa anwani ya mpelekaji: idara za serikali yetu hutumia anwani zinazoishia na go.tz, si Gmail. Ujumbe wa utapeli ukija kwa simu, upeleke namba 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo.

Kwa wazazi wenye watoto wadogo, wajue ya kuwa Google haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuwa na akaunti yake peke yake, ila chini ya uangalizi wa mzazi. Mzazi asimdanganyie mtoto umri ili afunguliwe. Na mtoto akikua, mzazi na amfundishe kulinda siri yake, si kumpekua kila jioni. Maana aliyezoea kupekuliwa na wakubwa huona kupekua wengine ni jambo la kawaida.

MAFURIKO NA VYETI

Nimebakiza faida moja ambayo sisi wa bonde la Rufiji twapaswa kuijua kuliko watu wengine. Mwezi wa Aprili 2024 mto ulifurika, maji yakaingia katika mashamba na majumba ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kikafuata kimbunga Hidaya. Mtu akikimbia maji usiku, hubeba watoto kwanza, na hivyo ndivyo ipasavyo. Karatasi hubaki darini au chini ya godoro.

Basi siku ya jua, kabla ya masika, chukua vyeti vya kuzaliwa, vya shule, kitambulisho cha taifa, hati ya shamba na hati ya ndoa. Vipige picha iliyo wazi, au vipelekwe duka la steshenari viskaniwe. Kisha jipelekee mwenyewe barua katika sanduku lako, nakala zikiwa zimeambatishwa. Gmail na Yahoo huchukua viambatisho vya hadi megabaiti 25 kwa barua moja, nafasi inayotosha kwa karatasi nyingi. Nakala si cheti chenyewe, na kuna mahali ambapo cheti chenyewe kitatakiwa. Lakini nakala ina namba, tarehe na majina, na kwa hizo mtu huanza kutafuta haki yake upya. Asiye na nakala huanza kwa kukumbuka tu, na kumbukumbu haina muhuri. Na hapa tena yarudi habari ya ufunguo: usipeleke vyeti vya nyumba nzima katika sanduku ambalo neno lake la siri analijua mwenye duka.

Wasomaji wetu wapenzi, kazi yenyewe ni ndogo. Jumamosi moja, baba, mama na kijana wakae pamoja na simu na daftari. Wafungue sanduku ikiwa hawana. Wakiwa nalo, watazame namba ya nani imeandikwa humo, na ikiwa si yao waibadili siku ile ile, maadamu mlango bado uko wazi. Dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa kila mwaka baada ya matokeo ya kidato cha sita. Aliyejiandaa kabla ya hapo ataomba kwa utulivu, na aliyengoja siku ya mwisho ataambiwa tena, "Kaa hapo, nitakufungulia."